Dabo besi ikitolewa mbele ya bendi nzima, nani anashika chini? (Uzi mrefu, kwa wapenzi wa taarab na jazi)

Mshika_Chini (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi nao usiku. Mie napiga dabo besi (lile fidla kubwa kabisa la sauti za chini) kwenye taarab asilia hapa Unguja, mwaka wa 14 sasa. Pahala pangu panajulikana: nyuma ya mafidla, ubavuni mwa selo (mdogo wake besi), kazi yangu kushika chini, yaani kutoa noti za chini zinazoubeba wimbo. Mwimbaji akitunzwa, watu wanapita mbele yangu na hela zao wakimwendea yeye, na ni haki yake. Mwezi uliopita nikatolewa nyuma. Bendi kubwa ya jazi kutoka Ulaya ilikuwa mjini wiki nzima ikifanya mazoezi pamoja na wanamuziki wa hapa, na kiongozi wao akaomba mpiga besi wa taarab asimame mbele, apige solo, bendi nzima imsindikize. Nilichokiona wiki ile hakijanitoka kichwani, na nakileta hapa kwa sababu naona kinatuhusu sie wa taarab kuliko hata wao.

Nifafanue neno kwanza, maana kwetu jazi ni mambo mawili. Tukisema Morogoro Jazz au NUTA Jazz tunasema dansi la magitaa. Hapa nasema jazi ya Marekani, na bendi kubwa kwao ina safu yake maalumu: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, kisha piano, gitaa, besi na dramu. Watu 17. Okestra ya taarab ikikaa kamili, na mafidla yake, kodiani, udi, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), nai (filimbi ya mwanzi), selo na ngoma, idadi haiko mbali na hiyo.

Zoezi la kwanza lilivunjika. Nilipiga solo yote, mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeisikia. Niliona vidole vyangu vinakwenda, nikahisi ubao unatetemeka kifuani, lakini sikioni hamna kitu. Uzi wa chini kabisa wa dabo besi unatoa mi ya mitetemo 41 kwa sekunde. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo: besi na tarumbeta zikitoka kwa nguvu sawa, utakayoisikia ni tarumbeta. Halafu besi ya kupigwa kwa vidole sauti yake inazaliwa na kufa papo hapo, na tarumbeta ikishapulizwa inakaa mpaka pumzi ya mtu imalizike. Sasa ziko tarumbeta 4, tromboni 4 na saksafoni 5.

Fundi mitambo akafanya ambalo angelifanya yeyote, akanipandisha. Spika ikaanza kuunguruma. Dabo besi ni sanduku kubwa la mbao lililo tupu ndani. Ukiliweka karibu na spika yenye nguvu, ubao wenyewe unaipokea ile sauti, unatetemeka, kinasa sauti kinaichukua tena, na mzunguko hauna mwisho. Akanishusha. Tukabaki tulipo.

Hapo kiongozi wao akasimamisha kila kitu, akatoa penseli. Alikwenda kiti hadi kiti akifuta. Saksafoni kubwa ya baritoni, nyamaza. Tromboni ya besi, nyamaza. Tarumbeta mbili zisipige kabisa, mbili zilizobaki zitiwe vizibo vya kupunguza sauti na zipige noti moja ndefu huku juu, mbali na mie. Piano, mkono wa kushoto utoke. Dramu, weka magongo chini, chukua brashi. Hakunipandisha mie hata kidogo, aliwashusha wao. Alipomaliza tukarudia, na nikausikia uzi wangu kama ninavyousikia nikipiga chumbani kwangu usiku wa manane, mpaka ule mkwaruzo wa kidole kinapohama kutoka noti moja kwenda nyengine. Nakiri machozi yalinilenga. Miaka 14 sijapata kuisikia besi yangu hivyo mbele za watu.

Lakini tatizo la pili likazuka hapo hapo, na ndilo lililonifanya niandike uzi. Mimi nikienda juu kupiga solo, nani anashika chini? Wenzetu wa dumbaki (ngoma) na rika (tari) walikuwa nasi kwenye zoezi, na kwenye mwendo wa wahada mpiga dumbaki wetu amezoea kuikuta besi pale anapopiga dumu, lile pigo zito la katikati ya ngoma. Nilipohama kwenda juu, dumu yake ikabaki peke yake. Baada ya mizunguko michache wimbo ukaanza kuinama, taratibu, kama ukuta wa Mji Mkongwe uliotolewa boriti. Hapana aliyekosea noti, ila boriti iliyotoka ni mie, na hapakuwa na mtu aliyeambiwa ashike pale.

Wenzetu hili wameshalipitia. Mwaka 1939 Duke Ellington, kiongozi wa bendi kubwa Marekani, alimchukua mpiga besi kijana wa miaka 21, Jimmy Blanton. Kabla yake, kazi ya besi katika bendi kubwa ilikuwa kutembeza noti chini na kutunza mwendo. Ellington akaanza kumwandikia. Tafuteni rekodi yao ya 1940 iitwayo Jack the Bear, msikilize bendi inavyomjibu Blanton na kumwachia mapengo, kisha besi inavyorudi tena mwishoni. Blanton alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1942, umri wake miaka 23, na kila mpiga besi wa jazi aliyekuja baadaye amepita katika mlango alioufungua yeye. Ray Brown alikuwa kijana wa miaka 20 hivi alipoingia kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie mwaka 1946, na bendi ile nayo ikawa na vipande vilivyoandikwa ili besi isikike. Siku hizi Christian McBride ana bendi kubwa yake mwenyewe, anaiongoza huku ameikumbatia besi, na albamu yao ya 2011 ilipata tuzo ya Grammy.

Swali langu kwenu ni hili. Kwenye bashraf zetu (vipande vya kufungulia, vya ala tupu) na kwenye taksimu (ala moja ikijisemea peke yake), udi una zamu, ganuni ina zamu, nai ina zamu, fidla ina zamu. Besi haina. Nimekuwa nikiamini ni kwa sababu besi haiwezi. Sasa naamini ni kwa sababu hapana aliyekaa na penseli akawaambia wengine wanyamaze, na hapana aliyeambiwa ashike chini besi ikiondoka. Mnasemaje?

Mchakeni

Waalaykum salaam yakhe. Nasoma nikiwa Chake Chake, umeme umerudi sasa hivi, nikasema niuwahi uzi.

Suali la haraka: kwa nini usichukue besi ya umeme ukamaliza tabu? Haina sanduku tupu, haiungurumi, unaipandisha utakavyo.

Mshika_Chini

Suali zuri, na wapo waliofanya hivyo wakafika mbali. Jaco Pastorius alipiga besi ya umeme iliyoondolewa vile vipande vya chuma vya shingoni, ikawa laini kama dabo besi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa na bendi kubwa yake. Kwa hiyo kwa solo ya jazi inawezekana kabisa.

Mie siwezi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni upinde. Dabo besi ninaipiga kwa vidole, na nikitaka naichukulia upinde ikaimba kama selo, noti ikakaa nitakavyo. Ile tabu ya sauti kufa haraka inaondoka. Ya pili ni makamu, yaani zile ngazi za noti za Kiarabu, na hiyo nitaiandikia pekee baadaye maana nina mengi ya kuisema.

MamaVikokotoni

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Nami niseme langu, na usinichukie.

Taarab ni maneno. Nimekulia kwenye taarab, mama yangu alinibeba kwenda kwenye taarab kabla sijajua kutembea. Watu wanakuja kusikiliza shairi na sauti inayolibeba, wanajua nani kaambiwa na kwa nini. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hana dabo besi wala nini, na hadi leo tunamsikia. Ala zote zile zipo kumtumikia mwenye kuimba. Sasa kila mpiga ala akitaka zamu yake ya kusimama mbele, mwimbaji ataimba saa ngapi? Na hawa vijana wa taarab ya kisasa walianza hivi hivi, kinanda kikataka kusikika, na spika zikapandishwa, leo huwezi kushika hata ubeti mmoja.

Nakuombea heri, lakini besi ikae chini. Ndipo ilipo heshima yake.

Ngambo_Mjini

Naomba nitie neno, kwa sababu nimesoma "nani anashika chini" nikamkumbuka ami yangu.

Ami alikuwa mpiga sanduku kwenye kidumbak. Kwa wale wa mbali: kidumbak ni ndugu mdogo wa taarab, ndiyo inayopigwa maharusini huku Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Kuna fidla moja, vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti viwili vya kugonga), na sanduku. Na sanduku ni sanduku kweli, lile la chai, linageuzwa mdomo chini, katikati limetobolewa ukapita uzi mmoja, na ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye fimbo. Ami alikuwa anaweka mguu mmoja juu ya sanduku lisiruke, mkono wa kushoto umeshika fimbo, wa kulia unapiga uzi. Akiivuta fimbo nyuma uzi unakazika, sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Hakuna alama yoyote ya kukuonyesha noti iko wapi. Alikuwa anaijua kwa bega.

Sasa mnisikilize. Ikifika usiku, wanawake wameshapata moto, fidla inanyamaza na ami anaachiwa. Sanduku linasema peke yake! Linauliza, linajibu, linalia, na kina mama wanalijibu kwa vigelegele na viuno. Na pale hakuna mtu anayeshika chini. Hakuna selo, hakuna kinanda. Kinachobaki ni vidumbak na ule mkwasa unaokwenda ka-ka-ka bila kukosea. Na hapana mchezaji hata mmoja aliyepotea.

Kwa hiyo nakuuliza ndugu yangu, pengine si kwamba boriti ilitoka. Pengine dumbaki wenu amezoeshwa kuegemea.

Mshika_Chini

@Ngambo_Mjini umenipiga pahala. Nimeisoma mara tatu hii.

Ni kweli tupu. Nimepiga kwenye maharusi yenye kidumbak na nimeliona sanduku likiachiwa, na sikuwahi kuliunganisha na hili. Sanduku ni besi, na kupiga solo mbele ya kundi zima ni kazi yake ya kila wiki tangu kabla mie sijazaliwa. Kwa hiyo niliposema kwetu besi haina zamu nilikosea. Haina zamu ukumbini. Ng'ambo inayo.

Na mkwasa nao umenifungua macho. Kwenye kidumbak mwendo haumo ndani ya besi, umo ndani ya vile vijiti viwili, ndiyo maana sanduku liko huru. Kwenye okestra tumeutia mwendo wetu wote ndani ya besi na dumu, kisha tunashangaa besi haiwezi kuondoka. Nitampelekea dumbaki wetu haya maneno yako, na najua atataka kukujibu mwenyewe.

@MamaVikokotoni shikamoo mama. Siwezi kukuchukia, na ulilolisema la spika naliunga mkono kwa moyo wote. Ndilo hasa nililolisimulia: kiongozi yule hakupandisha sauti ya mtu, alipunguza. Penseli yake ilikuwa inafuta. Bendi ya watu 17 ilipiga kwa sauti ndogo kuliko sie tunavyopiga harusini.

Kuhusu maneno, sitaki besi iingie juu ya shairi. Mwimbaji akiwa mbele, mie ni wa chini na nitabaki wa chini. Nasema bashraf, ambayo haina mwimbaji, pale mwanzo kabla watu hawajatulia kwenye viti. Na mama, dabo besi yenyewe ni mgeni. Sultani Barghash alileta muziki wa Misri mjini hapa, klabu ya Ikhwani Safaa ikaanza 1905, ya Mila na Utamaduni 1958, na huku nyuma okestra za Cairo zilikuwa zinapanuka, zinatia selo na dabo besi, nasi tukafuata. Kila ala unayoiona jukwaani iliingia siku moja na kuna mtu alisema haina pahala. Tumeikaribisha besi ndani ya nyumba, mama, miaka inapita 60, na bado haijaulizwa habari zake.

Saksi_Darajani

Kwa upande wa bendi kubwa niongeze, maana nimepiga saksafoni kwenye bendi mbili tatu.

Besi ikienda mbele kuna njia nne nilizoziona. Moja, saksafoni ya baritoni inachukua mstari wa besi, noti mbili tu kwa kila kipimo (mzunguko mmoja wa mapigo), laini. Mbili, mkono wa kushoto wa piano. Tatu, bendi inakata kabisa: inapiga pigo moja, inanyamaza vipimo viwili, inapiga tena, na besi inasema ndani ya yale mapengo. Hii ndiyo tamu kwa wasikilizaji kwa sababu masikio yanaisogelea besi yenyewe. Nne, hapana anayeshika, kila mtu anahesabu kimoyomoyo. Hiyo ya nne inataka bendi iliyokaa pamoja miaka.

Nyie mlitumia ipi?

Mshika_Chini

Tulianza na baritoni, yule aliyenyamazishwa mwanzo akarudishwa ashike chini. Kwa solo ya kawaida ya jazi ilikaa sawa. Tulipofika kwenye sehemu ya makamu ikaharibika, na hapa ndipo nilipowaahidi.

Kipande tulichokuwa tunakipiga kilikuwa na sehemu ya rasti ya do, yaani makamu iitwayo rasti inayoanzia noti ya do. Wanaojua wanajua: noti ya tatu ya rasti si mi na si mi bemol (nusu toni chini ya mi), iko katikati yao. Piano haina noti hiyo. Gitaa halina, vile vyuma vya shingoni vinamkatalia. Saksafoni inaweza kuivuta kwa mdomo lakini baritoni kule chini haikutulia. Kwa hiyo waliokuwa wakinisindikiza wakawa wanapiga mi kamili, na mie napiga ile ya katikati, na wasikilizaji wakaona mie ndiye niliyetoka nje ya sauti.

Dabo besi haina vyuma. Na kuna jambo ambalo sikuwahi kulipima mpaka wiki ile, nilikwenda na futi kamba. Urefu wa uzi wa besi yangu, kutoka juu ya shingo hadi kwenye kibao kinachobeba nyuzi, ni sentimita 105. Kwenye uzi wa re, mi bemol iko karibu sentimita 6 kutoka juu, na mi iko sentimita 11 na nusu. Ile ya katikati ya rasti inakaa hapo baina yao, na kutoka kwake hadi kila jirani yake kuna karibu sentimita 3. Sentimita 3 ni upana wa vidole viwili vyangu! Mwenzangu wa fidla akiitafuta noti ile ile, nafasi aliyonayo haifiki sentimita 1. Hakuna ala ya nyuzi jukwaani yenye uwanja mpana wa robo toni (noti za katikati kama hii) kuliko dabo besi. Naweza kuishusha kidogo, kuipandisha kidogo, kuipa tabia ya Kicairo au ya hapa kwetu, na mkono unaona unapokwenda.

Mtego upo mmoja. Uzi wa chini kabisa ukiuachia wazi ni mi kamili. Ukiugusa kwa bahati mbaya ndani ya rasti ya do, umevunja kila kitu. Nimeufunga kitambaa kwenye mazoezi mpaka mkono ukazoea kuupita.

Basi kiongozi wao akafikiri sana. Akainyamazisha piano, akalinyamazisha gitaa, akanyamazisha saksafoni zote. Akawabakisha watu wa tromboni, kwa sababu tromboni haina vibonyezo, ina mkono wa kuvuta, nayo haina mipaka baina ya noti. Akawaambia washike do na sol tu, waiache ile ya tatu kwangu. Tromboni tatu zenye vizibo, ndefu, kama mtu anavyopumua usingizini. Mpiga tromboni mmoja kijana akanifuata baada ya zoezi na kuniomba nimwonyeshe ile noti. Tulikaa nusu saa ngazini, napiga anapuliza, mpaka akaipata. Alipoipata alicheka peke yake.

Ngambo_Mjini

Sentimita 3! Hii sijawahi kuisikia popote.

Mchakeni

Nimenyamaza, umenijibu suali langu la besi ya umeme kuliko nilivyouliza.

Wapo waliojaribu kabla yako hayo ya jazi na makamu pamoja?

Saksi_Darajani

Wapo. Mtafute Ahmed Abdul-Malik. Kazaliwa Brooklyn 1927, alipiga besi kwa mpiga piano Thelonious Monk, na mkono wa pili alikuwa mpiga udi. Mwaka 1958 alirekodi albamu yenye udi, ganuni na fidla, pamoja na saksafoni ya Johnny Griffin. Wengi wanaihesabu miongoni mwa za mwanzo kabisa kuziweka ala hizo na jazi chumba kimoja. Na fikra ilitoka kwa mpiga besi, nadhani si bure. Mtu wa besi anasikiliza kila mtu usiku kucha.

MamaVikokotoni

Mwanangu, hujatuambia siku yenyewe ilikuwaje. Mlipiga?

Mshika_Chini

Tulipiga mama, lakini karibu tusipige.

Ilikuwa masika, mvua wiki nzima. Besi niliisafirisha kwa gari la hamali kutoka klabu, nimeifunga nailoni mara mbili na mkeka juu, nikitembea nayo ubavuni mwa ukuta kwenye kila kichochoro. Ndani ya dabo besi kuna kijiti kimoja cha mbao kinachosimama baina ya uso na mgongo. Hakijagundishwa, kinasimama kwa kubanwa tu. Wafaransa wanakiita roho, na jina limekaa sawa, kikianguka ala imekufa. Hewa ikijaa maji ubao unavimba, na ukikauka unarudi, na kile kijiti kinalegea. Usiku wa kuamkia onyesho nilisikia kitu kinagonga ndani: tok. Nikajua.

Nyuzi zote nne nikazilegeza pale pale, kwa sababu bila kijiti kile mzigo wote wa nyuzi unaukalia uso na unaweza kuupasua. Hapana duka la vifaa hivyo mjini usiku ule. Mzee mmoja wa fidla, ambaye mwenyewe hapendi atajwe, alikuja na tochi ya simu, uzi wa kushonea na waya uliokunjwa. Tukakifunga kijiti uzi, tukakiingiza kwa tundu la usoni mwa besi, yeye anachungulia tundu moja mie nasukuma kwa jengine. Saa nne usiku hadi saa tisa. Kilianguka mara 11, nilihesabu. Mara ya 12 kikasimama, akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Ipo."

Onyesho lilikuwa uani, chini ya mwembe, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na wengine ukutani. Nilianza kwa vidole, bendi inakata na kuniachia kama alivyosema @Saksi_Darajani. Tulipofika kwenye rasti nikachukua upinde. Tromboni zikaingia chini kwa chini. Kwenye ile noti ya tatu nilikaa, sikwenda popote, nikaisogeza kidogo tu kwenye zile sentimita zangu, na nyuma kabisa mzee mmoja akasema "Allah!" kama wanavyosema kwenye taksimu ya ganuni. Katika miaka 14, neno hilo halijapata kusemwa kwa ajili ya besi nikiwa nimeishika mie.

Na chini alishika nani? Mpiga selo wetu. Baada ya baritoni kushindwa na rasti, yeye ndiye aliyenyanyua mkono. Aliweka upinde pembeni, akapiga kwa vidole, do, sol, do, sol, na dumbaki akaegemea pale.

MamaVikokotoni

Nimesoma na miwani nimeivua.

Sijabadilisha neno langu kuhusu shairi. Lakini bashraf haina shairi, hilo umesema kweli. Pigeni. Na iwe fupi, mwanangu, watu wasije wakaanza kuzungumza.

Mshika_Chini

Itakuwa fupi, mama. Nimeshaomba nafasi kwenye zoezi la Alhamisi, bashraf moja, zamu ya besi kama dakika moja hivi kabla ganuni haijaingia. Nimeandika nani anyamaze wapi. Kodiani zote mbili zinyamaze, mafidla washike noti moja ya juu, rika aguse ngozi kwa ncha za vidole tu. Na @Ngambo_Mjini, nimetia mkwasa. Okestra yetu haijapata kuwa na mkwasa, sijui wazee watasemaje, lakini nataka niusikie.

Nyuzi_Nne

Salaam. Mimi ndiye wa selo aliyetajwa huko juu, nimeletewa uzi huu na mke wangu.

Nimeiona karatasi yako ya Alhamisi klabuni. Umeniandikia "shika chini" lakini hukusema vipi. Nichukue upinde au vidole?

Mshika_Chini

Vidole, ami. Uzi wako wa chini kabisa ni do na wa pili ni sol, zote wazi, hata mkono wa kushoto hutauhitaji. Upinde niachie mie.